Geji

Miaka ishirini na sita nilisoma geji
kwenye pampu inayosukuma maji ya ziwa hadi Bugarika,
hadi nyumba zilizong'ang'ania mawe kama kupe.
Mshale ukigusa wekundu, nalegeza koki.
Sikuwahi kuliuliza bomba: unajisikiaje leo?
Bomba halijisikii.
Bomba hupasuka.

Ndiyo maana naona haya kuyasema haya.

Siku nesi Pelagia aliponifunga kitambaa mkononi,
kikanibana, kikashusha pumzi, kikanibana tena,
akasoma mia themanini na mbili juu ya mia na nane,
nilimwambia kigeji chake kibovu,
mimi nimepanda ngazi za mawe bila kutweta.
"Kaa dakika tano. Usiongee."
Tukapima upya.
Mshale ukaniumbua mbele ya foleni.

Vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi.
Nikauliza, hadi lini?
Akauliza, pampu yako mlikuwa mnaizima lini?

Wiki tatu nikavimeza. Nikajiona mzima.
Nikafanya jambo nisilomsamehe kijana yeyote wa zamu:
mshale umetulia, nikazima mashine,
kana kwamba ulitulia wenyewe.

Miezi ikapita. Usiku mmoja kisogo kikagonga.
Jirani yangu Masalu, roho yake haina choyo,
akanikatia vinne kwenye karatasi yake:
"Presha ni presha, mzee. Hizi kali."
Nikameza viwili kwa mpigo, kufidia.
Asubuhi nikainuka kitandani, nikatoka uani,
na ziwa likasimama wima kama ukuta.
Mjukuu wangu Nyanzala alinikuta nimekumbatia jiwe,
ndala moja mguuni, nyingine sijui.

Pelagia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Akaniambia nimwage mfuko mezani, vyote.
Vya Masalu. Vya goti, nilivyonunua dukani bila kuuliza.
Chupa ya mizizi kutoka Magu, nimesahau nani alinipa.
Akavishika kimoja kimoja.
Cha goti: "Hiki nacho kinaipandisha."
Chupa: akainusa, akaifunga, akaiweka upande wake.
Vya Masalu: "Hivi vina figo za Masalu, umri wa Masalu,
vipimo vya Masalu. Wewe ni Masalu?"
Halafu akasema polepole, kama anayefundisha mtoto kufunga kamba:
cha jana ukikisahau, kimepita, usilipe deni leo kwa viwili.
Hela ikikata, njoo useme kikiwa kimebaki kimoja,
si baada ya mwezi.

Mwezi wa pili miguu ikavimba.
Viatu vya Jumapili vikanikataa.
Mkono ulinielekea kwenye karatasi ya dawa, kuitupa;
nikauona mkono ule, nikaurudisha.
Nikashuka kilima na ndala, nikasema: miguu.
Wakamwita daktari. Wakabadilisha.
Ilichukua nusu saa, na mimi nilikuwa tayari kufa kwa aibu ya viatu.

Sasa ni kabla ya uji.
Nyanzala ananichorea alama kwenye kalenda ya duka la mbegu.
Dagaa wa chumvi wa Kirumba tunawalowesha mara mbili;
ladha imepungua, sitadanganya.
Mke wangu anakamulia ndimu, ananitazama nikitafuna.

Jana Masalu alibisha hodi.
"Zangu zimeisha. Nikatie vitatu tu, vya kunivusha."
Wema wake wote ulikuwa umesimama pale mlangoni.
Nikasema hapana.
Nikavaa ndala, nikamshika kiwiko,
tukashuka ngazi za mawe bila neno,
yeye mbele, amenuna, anahesabu ukatili wangu.

Bado hajanisemesha.
Lakini kwenye benchi la zahanati alikaa karibu yangu,
na mkono wa shati alikwisha ukunja
kabla hajaitwa jina.