Taulo la Mlangoni

Usiku wa kwanza Birkat al-Mauz
nilihesabu matundu ya chumba kabla sijafungua sanduku:
moja chini ya sinki, moja nyuma ya kiyoyozi,
na ule mwanya chini ya mlango, mpana wa kidole gumba.
Taulo alilonipa mama, jekundu, bado lina harufu ya karafuu,
nikalikunja mara nne, nikaziba.
Ghaniya akaniuliza kama kwetu Wete huingia mafuriko.
Nikasema ndiyo.

Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Ibra,
kimekaa kabatini miaka hamsini hakijaanikwa.
Korido huiita baraza.
Mende humwita "mdudu wa watu",
kama vile ni yatima anayestahili sahani.

Nasomea uuguzi.
Nimemshika mkono mzee aliyekatwa vidole kwa sukari
na sikugeuza uso.
Damu naijua. Usaha naujua.
Halafu saa nane za usiku, msalani,
kitu cha ukubwa wa tende kinatoka kwenye tundu la maji,
kinasimama, kinapapasa hewa kwa ndevu mbili
kama kipofu anayetafuta ukuta,
na mimi, muuguzi mtarajiwa,
niko juu ya choo, pindo la kanzu nimeling'ata kwa meno.

Mende huangusha kabati, husema wenye masihara.
Langu liliangushwa zamani:
umeme umekatika, nina miaka sita,
nimelala, nikasikia nywele zangu zinatembea.
Mama akawasha kibatari. Mashangazi wakacheka.
Mende alikufa usiku uleule;
kicheko ndicho kilichoishi.

Mwezi wa kwanza nilimaliza makopo matatu ya dawa.
Ghaniya alikohoa mpaka mshirifa akapanda ngazi,
akasimama mlangoni, pua ndani ya shela:
"Unamuua nani, binti, yeye au sisi?"
Akalichukua kopo la nne.

Hapo ndipo nikaanza kuhesabu vigae.
Hakuna aliyenifundisha.
Niliamua tu: nitasimama vigae kumi kutoka kwake,
nitasoma Ikhlasi mara tatu macho wazi,
kisha nina ruhusa ya kukimbia.
Kumi. Wiki nzima kumi.
Kisha vinane.
Mvua ikanyesha milimani, wadi likashuka,
wakatoka mabombani na jamaa zao wote,
nikarudi kumi na mbili, nikalia juu ya ndoo.
Kisha saba. Kisha, sijui vipi, vinne.

Kwa vigae vinne nilimwona:
ana rangi ya chai iliyolala,
anausafisha udevu mmoja kwa mdomo, taratibu,
kisha wa pili,
kama mtu anayengoja kuitwa ndani.
Sikumpenda. Isidhaniwe hivyo.
Ila nilimaliza Ikhlasi ya tatu
na miguu ikasahau kuondoka.

Juzi, kwa kigae kimoja na nusu,
nilimfunika kwa gilasi.
Juu ya gilasi nikaweka kitabu cha anatomia, kile kizito,
nikalala.
Alfajiri Ghaniya akaukuta ule mnara,
akainua kitabu,
akapiga ukelele walioamka nao mpaka walinzi wa geti.
Kumbe!
Kumbe miezi yote, "mdudu wa watu" na maneno yake matamu,
alikuwa akilala salama
nyuma ya taulo langu.

Tulimshusha pamoja, mimi na gilasi,
yeye na karatasi chini yake, mkono ukimtetemeka,
"usikimbie, wallahi usikimbie," sijui akimwambia nani,
mpaka migombani, kando ya falaji.
Mende aliondoka bila kuaga.

Taulo nimelifua. Lina alama nyeusi ukingoni, haitoki.
Usiku huu mwanya uko wazi
na taa ya meza inawaka, wala sioni haya.
Mama kapiga simu, kauliza kama taulo linanifaa.
Linanifaa, nimesema.
Kesho huenda nikajifutia.