Kifungo cha Nje

Niliapa. Kila asubuhi naapa tena:
nitafasiri kwa uaminifu, sitazidisha, sitapunguza.
Miaka ishirini na miwili mdomo wangu
ni mali ya mahakama ya Mombasa,
chumba namba tatu, chini ya pangaboi
linalokata hewa ileile vipande vipande.

Mishi wa Mtongwe alisema: "Alinizidi."
Neno moja. Nikalitafutia mwenzake kwa Kiingereza,
nikapata matatu, yote mepesi.
Akasema: "Sauti ilinikatikia kooni kama tui."
Hakimu, kalamu juu: alipiga kelele au hakupiga?
Nikafasiri: ulipiga kelele au hukupiga?
Tui likabaki pale mezani, halikuandikwa.

Nina hesabu yangu, kwa kuwa hakuna anayemuuliza mkalimani.
Mshtakiwa ana miaka ishirini na minne.
Katika vikao kumi na kimoja
aliitwa kijana mara arubaini na tisa.
Mishi ana miaka kumi na tisa.
Yeye aliitwa mwanamke. Mwanamke huyu.
Na mara zote
ni mimi niliyetamka.

Wakili alileta barua saba:
mwalimu wa kuogelea, daktari wa meno,
jirani wa Kizingo aliyeshuhudia
kuwa kijana huokota paka wa barabarani, huwatibu.
Kuna chuo Malaysia kinamsubiri, ada imeshalipwa.
Baba, mwenye makontena bandarini,
alikaa safu ya mbele akifuta miwani isiyokuwa na vumbi.
"Huyu ni mtoto wa watu," karani akaninong'oneza.
Nikamtazama mamake Mishi,
unga wa mahamri bado kwenye kucha,
kakaa karibu na mlango
kama aliyekuja kudai deni dogo.
Na huyu je? Mtoto wa nini?

Kikao cha tisa hati ya mashtaka ikarudi imekonda.
Ubakaji umefutwa kwa mstari mmoja ulionyooka,
juu yake: kitendo cha aibu.
Nikasoma kwa sauti. Aibu ikakosa mwenyewe,
ikazunguka chumba,
ikampita aliyevaa tai,
ikaenda kujikalisha mapajani mwa Mishi.

Hukumu ilisomwa Alhamisi, kunguru wakigombana dirishani.
Hakimu akasema mustakabali. Akasema jela haijengi.
Akasema usiku mmoja usivunje maisha mazima,
na mimi, mtumwa wa kiapo, nikafasiri,
nisiongeze: ya nani?
Miaka miwili. Kifungo cha nje.

Ukumbini Mishi akanivuta mkono wa koti.
"Kifungo cha nje ndiyo nini, ami?"
Mimi nijuaye rufaa, dhamana, zuio,
nikasimama kama mwanafunzi aliyelala darasani.
Kwa sababu kijana alikuwa yuko uani tayari,
anapigwapigwa mabega, anacheka na simu,
na yeye tangu usiku ule hapiti njia ya sokoni,
dirisha la chumbani kalipigia misumari,
cherehani kairudisha kwa waliomfundisha.
Nje kapewa yule. Kifungo kapewa huyu.
Hilo sikuapishwa kulisema.
Nikasema: "Atakuwa anapiga ripoti kila mwezi."
"Haya," akaitikia,
kama mtu aliyetajiwa bei.

Karani akatoa bahasha ya kaki, kielelezo namba nne:
gauni la kijani alilolishona mwenyewe,
pini moja bado imo pindoni.
"Sahihi hapa." Mama akaandika majina yote matatu,
polepole, bila kuinua kalamu.
Kisha akauliza, si mimi, si karani:
"Na hili sasa tulipeleke wapi?"

Nikafungua mdomo, kwa mazoea.
Lilikuwa Kiswahili tayari.