Kibao cha Idara

Mchoraji alitoka Chikongola na kopo moja la rangi nyeusi.
"Insia," nilimwambia mara mbili. Akaitikia kwa kichwa,
nami nikaenda zangu kugombea viti.
Jioni nikakuta: IDARA YA WOSIA,
herufi zimenyooka kama askari wa gwaride
na kopo tupu.

Fungu la rangi lilikuwa limekwisha.
Kila fungu lilikuwa limekwisha.
Tulikuwa watatu: mimi wa historia, Nachinuku wa isimu,
na Dokta Mtopwa wa falsafa, aliyefundishia ghalani,
akikohoa vumbi la magunia ya korosho
kila alipokaribia hitimisho.

Mhasibu akaja na karatasi yenye safu.
Wanafunzi kumi na tisa. Mapato. Matumizi.
"Wenzenu wa gesi wana mtambo. Ninyi mnazalisha nini?"
Mtopwa akafungua mdomo.
Akakohoa.

Juma lilelile akaingia Bi Somoe Namtema wa Nanguruwe,
bahasha kaifunga kwenye pindo la kanga.
Alikuwa amesoma kibao, akaamini.
Marehemu mumewe kaacha barua kwa herufi za Kiarabu,
na mashemeji wamekwisha kuhesabu mikorosho.

Hatukumwambia kibao kimekosewa.
Nachinuku akavaa miwani.
Mstari mmoja ulitumalizia siku mbili:
*shamba la Somoe, mpaka Saidi.*
Hadi linapoanza shamba la Saidi?
Au hadi siku Saidi atakaporudi?
Wale kumi na tisa wakasogeza viti, wakabishana
hadi mlinzi akaja na funguo,
na hakuna aliyeuliza kama swali litatoka kwenye mtihani.

Siku ya tatu Bi Somoe akaleta mihogo ya kuchemsha,
akasikiliza kidogo, akatua sahani.
"Saidi ni kisima," akasema.
"Mbona hamkuniuliza?"

Basi tukajifunza kuuliza.
Watu wakaja kutoka Kitaya, Newala, Tandahimba,
na masanduku ya bati: stakabadhi za ushirika,
barua za manamba walioahidi kurudi baada ya mvua,
daftari la mkunga, nusu limeliwa na mchwa.
Kabati likawa makabati,
makabati yakadai chumba,
chumba kikadai mtu wa kukitunza,
na hapo ndipo mhasibu alipoanza kutuamkia.

Leo tuko kumi na wanne, ghorofani,
kwenye jengo lenye lifti isiyopanda tangu izinduliwe.
Kibao kipya ni cha bati linalong'aa: INSIA, bila kosa.
Kila Oktoba wanafunzi wapya husimama chini yake,
wanauliza maana yake nini.

Kile cha zamani nimekiegemeza nyuma ya mlango wangu.
Hakuna aliyewahi kuuliza.