Urefu wa Mikono

Waziri anataka jedwali kufikia Ijumaa:
nchi sita, ukurasa mmoja,
nani amewanyanyua watu wake vitini, na kwa pesa ngapi.

Nimezitandaza mezani kama karata.
Hii ya kaskazini inahesabu viatu vilivyolowa:
mtoto atoke nje, mvua isimwulize umri,
na mshindi asitangazwe mpaka abalehe.
Hii ya visiwani inahesabu medali,
imeandika hadi rangi na mwaka,
kama mtu anayeagiza matofali.
Hii ya tambarare ilijenga njia za baiskeli
kisha ikanyamaza; waraka wake una kurasa tisa,
nusu ni ramani.
Ya nne inampa kila mzee tiketi ya bwawa la kuogelea,
ila bwawa lenyewe, yasema tanbihi,
bado linatafutiwa fedha.

Yetu ndiyo nene kuliko zote.
Ina dibaji tatu.

Nami nilizaliwa ndani ya mkakati.

Mwaka ule walifika shuleni, Asenovgrad,
wanaume wawili, na futi ya fundi cherehani,
na mizani iliyonuka bucha.
Wavulana wakavua mashati, wakapanga mstari.
Baba yangu, Stoil, miaka kumi na mmoja,
mikono ikimning'inia karibu na magoti.
"Huyu ni mpiga makasia," wakasema,
naye boti alikuwa ameiona kwenye stempu tu.
Mdogo wake, Gencho, mikono ya kawaida,
aliambiwa: vaa shati.

Basi. Maneno mawili.
Mmoja akapewa nyama mara mbili kwa siku, godoro, kocha,
mfereji ulionyooka kama rula kule Plovdiv,
na alfajiri zisizo idadi zenye barafu ukingoni.
Mwingine akapewa baiskeli ya posta.

Baba alishika nafasi ya nne. Ya nne duniani!
Picha ipo: wanaume wanane wameinama
kana kwamba wamedondosha kitu majini.
Wa nne havishwi kitu shingoni.
Mwaka uliofuata jina lake lilifutwa
kwenye orodha ya nyama.

Leo ana sabini na sita. Mgongo umeshikwa kwa skrubu,
ngazi za ghorofa ya tatu anazipanda kwa awamu,
kama mpango wa serikali.
Baba mdogo Gencho bado anasambaza magazeti,
hakuna aliyemwomba.
Jumapili anacheza horo uwanjani na wajane,
anarudi ametota jasho, anadai supu.
Hayumo katika takwimu yoyote. Nimetafuta.

Ningeweza kuishia hapa, somo limekamilika:
mbio za sakafuni, na kadhalika.
Lakini jana, nikimfunga baba kamba za viatu,
nilimuuliza: ungechagua kuvaa shati?

Alinitazama kama nimemtukania mama.
"Kuna wakati," akasema, "kati ya kasia na kasia,
boti huacha kuwa mbao.
Wanane mnapumua kwa pafu moja.
Hudumu muda wa kupiga chafya."
Akainyoosha mikono, ile mirefu, aonyeshe,
akaigonga taa.

Kutoka jikoni, Gencho:
"Mwongo! Ulikuwa ukitapika kila Jumatatu."
"Nilitapika," baba akakiri, "lakini kwa mpigo."
Wakacheka hata jirani akabisha ukuta.

Ijumaa. Safu ya gharama nimeijaza,
safu ya medali, safu ya wanaotembea nusu saa.
Kwenye safu ya mwisho, ya maoni,
niliandika, nikafuta, nikaandika:
*Waheshimiwa, kabla hamjanunua futi mpya,
amueni mtawaambia nini wale wa kuvaa shati.*

Saa kumi jedwali limerudi mezani kwangu.
Katibu ameizungushia sentensi ile duara,
na pembeni, kwa wino mwekundu:
shati gani?