Dodoso, Barabara ya Tisa

Kijana wa benki kaja na karatasi:
"Mama Mwantumu, umeridhika?
Alama moja hadi tano."
Ngoja, mwanangu, mafuta yamechemka.

Laki nne zenu zilinunua friji la mtumba.
Lilipofika, mtaa mzima ulikuja kuligusa.
Juisi ya ukwaju ikatoka, tena sana,
ila marejesho ni Jumatatu,
na Jumatatu Ngamiani haina kiu.
Ramadhani mlinidai asubuhi,
nami nauza usiku.

Lakini dada wa dirishani analijua jina langu.
Wale wa kausha damu
walilijua godoro tu.

Haya, andika nne.
Ya tano naibakiza hapa kwenye kanga;
mkiihamisha Jumatatu, njoo uifungue.

Na bajia ulizokula,
mia tano.