Daftari la Wesha

Mimi ndiye mweka hazina. Nitaanza na kilichopotea.

Mwaka wa kwanza: miche elfu nne ya mikaratusi,
magari mawili meupe, kofia, maji ya chupa,
hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe.
Tulichimba mashimo pale walipopapenda kwa picha.
Kibao kikasimikwa juu ya bonde la Wesha, hapa Kadutu,
majina yao kwa rangi ya buluu,
letu chini kabisa, limekosewa herufi.

Julai hakuna aliyerudi kuuliza.
Mbuzi wa Bisimwa walikula walichoweza,
jua likamaliza sahani.
Kilichoshika mizizi ni kibao:
leo ni mlango wa banda la Mama Cishugi,
na kuku wake, nisiwasingizie, wanalala salama.

Sikuandika hasara. Tuliambiwa tuandike "mradi umekamilika."

Novemba mvua ilishuka usiku, na mlima ukaifuata.
Nyumba tisa.
Katika ile ya tatu alilala Akonkwa, wa darasa la nne,
mwana wa Nankafu muuza sambaza.

Matanga yalipokwisha, Nankafu alikuja kwenye likirimba letu la Jumamosi,
akaweka mezani noti ya mia tano inayonuka samaki,
akauliza ambalo magari meupe hayakuuliza:
"Nani atamwagilia Julai?"

Hapo ndipo daftari hili linapoanza kweli.

Mia tano. Mia mbili. Mia tano tena, ya Nankafu.
M'Bagalwa, mbeba mizigo, alitoa kamba yake ya zamani,
ile iliyomchimba mfereji kwenye paji la uso;
tukafungia mianzi.
Mugisho alitoa mgongo
(nao ni makuta, muulize anayeumwa).
Ntakwinja, mchoma makala, alitupa shoka lake katikati yetu:
"Lishikeni. Lakini wanangu wanne hawali maneno."
Karo ya watoto wa Ntakwinja
nikaiandika chini ya "ulinzi wa miti."
Mkaguzi angecheka. Hatukuwa na mkaguzi.

Mwaka wa tatu ikaja barua
ya mwanamke aliyezaliwa mtaa huu, akazeekea ugenini:
"Nimeuza duka la dawa la marehemu baba.
Semeni mnachohitaji
ambacho watu huona haya kukilipia."

Tulinyamaza. Hatukuzoea swali la namna hiyo,
tulizoea fomu.
Kisha Nankafu: mshahara wa mlinzi wa usiku.
Buti. Dawa ya mgongo wa Mugisho. Wino wa huyu hapa.
Na miaka kumi.
Miaka kumi inauzwa wapi?

Jibu lilichukua mwezi:
"Ninayo saba. Mitatu itafuteni wenyewe.
Sina sharti jingine, wala jina langu msiliandike popote."

Nilikasirika wiki nzima.
Nimetii: hata hapa silitaji.

Huu ni mwaka wa tisa. Wake umebaki mmoja.
Sandukuni tuna miwili na nusu,
mingi yake ni ya sambaza.

Jana usiku mvua ilikuwa ileile, naijua sauti yake.
Nilitoka na tochi. Nankafu alikuwa amenitangulia,
miguu mitupu, kiganja kwenye shina la mwanzi
kama mtu anayepima homa.
Maji yalishuka tuta kwa tuta, mekundu,
yananung'unika kama mdai aliyenyimwa.
Chini yetu mabati, moja baada ya jingine,
yote mahali pake.
Hatukusemezana.

Asubuhi nikafungua daftari.
Safu ya yaliyoingia. Safu ya yaliyotoka.
Nyumba ambayo haikuanguka inaingia safu gani?
Na yule mtoto wa jirani aliyeamka akilalamika
uji umepoa, hataki kwenda shule?

Nimeandika tarehe.
Mbele yake nimeacha mstari mtupu, mpana kidogo.
Chini: Nankafu, mia tano,
noti imelowa, lakini inapokelewa.