Kumbukumbu za Kikao cha Saba

Waliohudhuria: kumi na wanne ukumbini, Khulna,
na watatu kwenye skrini.
Lautaro wa Santiago del Estero
kwake ilikuwa saa nane ya usiku, amejifunika blanketi,
nyuma yake mbwa anajikuna.
Mbwa sikumwandika.

Mimi ndimi kalamu ya mtandao huu. Mwaka wa sita
naandika nani kasema, nani kaunga mkono, nani katoa udhuru.
Huandika "lilijadiliwa kwa kina"
pale walipogombana hata chai ikapoa.

Ajenda ya kwanza: visima vya bomba.
Dakta Tahmina akatandaza ramani:
nukta nyekundu, maji yana aseniki, usinywe;
nukta ya kijani, kunywa.
Vijana wetu walipaka bomba kwa bomba, mlango kwa mlango,
na daftari la namba lililolowa mvua za Juni.

"Mwaka juzi," akasema, "nyekundu mia mbili na kumi na moja.
Mwaka huu mia na sitini na nane.
Sumu haihami kama mpangaji."

Thuy wa Can Tho akashuku vipimo.
Prakash akataka hesabu zirudiwe.
Bwana wa wizara akafungua kifungo cha koti:
wizara imefarijika, takwimu zinashuka.

Jumanne tukaenda wenyewe,
riksho mpaka lami ilipokwisha, kisha miguu.

Monowara hakujificha.
"Nilipaka mimi. Rangi ilibaki ya dirisha la madrasa.
Walikuja watu wa Jessore kumposa Shiuli.
Wakala, wakasifu samaki, wakatoka kunawa,
wakaliona bomba.
Hawakurudi.
Rangi yenu ilisema kweli juu ya maji,
ikamsingizia mwanangu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi tulikuja na kopo la rangi.

"Na mnakunywa wapi?"
"Kwa Nurjahan, ng'ambo ya bwawa. Hatua mia tatu na ishirini.
Twateka usiku."

"Na mtoto wa jirani akipita, akaona kijani?"
"Namfukuza."
"Usipokuwapo?"

Akaangalia mikono yake.
Tahmina naye akaangalia ya kwake,
kidole bado kina alama nyekundu, haitoki kwa sabuni.

Tuliporudi, skrini zikawashwa.
Lautaro: "Kwetu tuliweka vibao vya onyo.
Kimoja nimekikuta mlango wa banda la mbuzi,
kimekaa vizuri, hata bawaba kinazo."
Thuy akanyamaza kitambo, kisha:
"Tumehesabu mabomba. Hatukuhesabu harusi."

Pendekezo la nne, kama lilivyopitishwa:
kisima kirefu cha jamii kichimbwe kwanza,
rangi ije baadaye, na isipakwe uani kwa mtu.
Bwana wa wizara akauliza harusi inaingia safu gani ya jedwali.
Hakuwa na kejeli. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja.

Rasimu ikapanda ghorofa ya tano, ikashuka, ikapanda.
Iliporudi, "rangi" imekuwa "nyenzo za uhamasishaji",
"kwanza" imekuwa "kadiri bajeti itakavyoruhusu",
na Monowara amekuwa "mdau".

Nilisahihisha koma, kazi yangu hiyo.
Lakini kwenye kiambatisho cha tatu,
chini ya jedwali la kina cha visima, kwa herufi ndogo,
niliacha: hatua 320, usiku.
Hakuna aliyefuta. Viambatisho havisomwi.

Miezi minne ikapita.
Ikaja barua kutoka Can Tho, mwanafunzi wa Thuy,
jina silijui, mistari miwili tu:
ukurasa wa themanini na saba, hizo hatua ni za nani,
za mtu mzima, au za mtoto aliyebeba ndoo?

Nikakumbuka Shiuli akipita na ndoo ubavuni,
bega moja limeshuka.
Nikakumbuka kwamba hatukupima.

Nimeandika: litafuatiliwa.
Nimekata.
Nimeandika: sijui.
Nauli ya riksho nimeiombea kibali.